Vazi la Mcheza Baleti: Toka Jua la Mfalme hadi Kiatu cha Kahawia

Huenda baadhi ya ndugu zetu wa vikosini na wa vituo vya polisi wakakunja uso waonapo ukurasa huu, ambao wameuzoea kwa habari za gwaride, shabaha na mpira wa majeshi, leo ukizungumzia sketi za wacheza dansi wa Ulaya. Tunawaomba subira. Askari hahitaji kufundishwa jinsi nguo iwezavyo kumsaidia mtu katika kazi yake au kumwangusha. Amevaa kombati iliyombana kwapani siku ya kuruka viunzi. Ameujua uzito wa kofia ya chuma saa nane mchana. Amelala na buti miguuni. Tena hakuchagua lolote kati ya hayo, bali alipewa stoo, akatia saini, akavaa. Mcheza baleti naye yu katika hali iyo hiyo. Huvaa apewacho, husimama katika mstari mmoja na wenzake, na mguu wake ukichelewa kwa nukta moja, ukumbi mzima humwona.

Kwa wale ambao hawajabahatika kuiona, baleti ni dansi ya jukwaani isiyotumia maneno, iliyoanzia katika majumba ya watawala wa Italia na kukomaa katika yale ya wafalme wa Ufaransa. Kisa husimuliwa kwa mwili na muziki peke yake. Wanawake husimama juu ya ncha za vidole vya miguu; wanaume huruka, huzunguka hewani, na kuwainua wenzao juu ya vichwa. Mazoezi yake huanza utotoni. Kila asubuhi wachezaji hushika upao wa ukutani na kurudia mambo yale yale waliyofundishwa wakiwa watoto, mbele ya mkufunzi ambaye si mwepesi wa kusifu. Kwa ufupi, ni kwata yenye muziki mzuri zaidi.

Vazi mashuhuri la kazi hiyo ni tutu, yaani sketi fupi ya kitambaa cha wavu mwepesi, kama kile cha shela ya bibi arusi, iliyotandazwa kiunoni mfano wa sahani, pamoja na taiti zinazobana miguu. Aonaye picha yake hudhani kuwa nguo hiyo ilibuniwa kwa urembo tu. La hasha. Ilifika hapo baada ya karne nyingi za mabishano baina ya mwili na nguo, na katika mabishano hayo wako waliofukuzwa kazi na wako waliopoteza maisha.

MFALME AVAA JUA

Mwezi Februari mwaka 1653, mjini Paris, mfalme Louis wa 14, wakati huo kijana wa miaka 14, alipanda jukwaani yeye mwenyewe katika baleti iliyochezwa usiku kucha. Alitokea akiwa mfano wa jua: vazi la dhahabu toka kichwani hadi viatuni, lenye miali iliyochomoza kila upande. Ujumbe wake haukuhitaji mkalimani. Makabaila wa Ufaransa walikuwa wametoka kuuasi utawala wake, na sasa iliwabidi waketi watazame jua likichomoza. Vazi la dansi wakati huo lilikuwa na kazi kama ya nyota za begani, yaani kuonyesha nani ni nani.

Taabu ya vazi la namna hiyo ni kwamba halimwachi mtu acheze. Wachezaji wa kulipwa walipochukua nafasi ya makabaila, walirithi pia mizigo yao: barakoa usoni, wigi, manyoya kichwani, viatu vya kisigino. Wanaume walivaa kisketi kilichokakamaa kiunoni. Wanawake, ambao walianza kucheza kwa kulipwa katika Opera ya Paris mwaka 1681, walivaa sketi ndefu nzito, ambazo baadaye zilitanuliwa kwa fito kiasi cha kuupita mlango kwa ubavu.

Wa kwanza kuasi alikuwa Marie Camargo, aliyetokea katika jukwaa hilo mwaka 1726. Alikuwa hodari wa kuruka na kupishanisha miguu hewani kwa kasi ambayo hapo awali ilikuwa sifa ya wanaume. Lakini nani angeiona miguu hiyo chini ya sketi inayofagia sakafu? Camargo akaipandisha sketi juu kidogo ya kifundo cha mguu, na visigino akaviacha. Zilikuwa sentimita chache tu, nao mji ukapata la kusema. Mshindani wake, Marie Sallé, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1734, mjini London, alicheza kisa cha sanamu inayogeuka kuwa mtu, akiwa amevaa kanzu nyepesi ya melimeli, nywele zake wazi, bila fito wala wigi. Hoja yake haikuwa na kona: sanamu ya Kigiriki haina fito kiunoni.

Mnamo mwaka 1760 mwalimu mmoja wa dansi, Mfaransa Jean-Georges Noverre, alichapisha barua ndefu akitaka barakoa na fito zitupwe, kwa sababu uso uliofunikwa hauwezi kusimulia kisa. Wengi walimsoma, wachache walimfuata. Barakoa ilikuja kuanguka kwa sababu nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1770, Maximilien Gardel aliombwa kushika nafasi ya nyota mmoja ambaye hakuweza kucheza siku hiyo. Akakubali kwa sharti moja: acheze bila barakoa na bila wigi, ili watazamaji wasije wakampigia makofi mtu asiyekuwapo. Tunakiri kwamba sababu hiyo inatupendeza kuliko hoja zote za Noverre.

SKETI ILIYOWAKA

Vazi jeupe linalojulikana leo lilizaliwa Machi 12, 1832. Usiku huo, katika Opera ya Paris, Marie Taglioni alicheza kisa cha kiumbe wa hewani anayependwa na kijana wa Uskoti. Alivaa sketi nyeupe yenye umbo la kengele, tabaka juu ya tabaka za kitambaa chepesi mno, ikiishia kati ya goti na kifundo. Viatu vyake vilikuwa vya satini laini visivyo na kitu kigumu ndani, vimekazwa kwa nyuzi tu, naye akasimama juu ya ncha za vidole kana kwamba ardhi imemkataa. Miaka kumi kabla ya hapo Opera ilikuwa imefungiwa taa za gesi, na mwanga wa gesi ukiipiga sketi ile iling'aa kama ukungu wenye mbalamwezi. Watu walilia. Na tangu siku hiyo kila mcheza baleti alitaka weupe ule.

Basi mambo mawili yaliyoufanya uzuri huo, kitambaa chepesi na moto usiofunikwa, yalikuwa yamewekwa hatua chache tu baina yao. Mwezi Desemba 1844, mjini London, sketi ya kijana Clara Webster iligusa taa jukwaani, mbele ya watazamaji, naye akafa siku chache baadaye. Hakuwa wa mwisho. Mwaka 1859 serikali ya Ufaransa ilitoa amri kwamba nguo za jukwaani zichovywe katika dawa ya kuzuia moto. Dawa ilifanya kazi yake. Lakini ilikifanya kitambaa kikakamae, na ule weupe ukafifia kama shuka la kambini lililofuliwa mara nyingi.

Emma Livry aliikataa. Alikuwa mwanafunzi wa Taglioni mwenyewe, aliyetoka kwenye kustaafu kwa ajili ya kumfundisha, na Paris nzima ilimwona kuwa mrithi. Mwaka 1860 aliandika barua kwa mkurugenzi wa Opera akisema kuwa atacheza kwa sketi yake ya kawaida, na kwamba lolote litakalotokea dhamana ni yake. Mwaka huo huo Taglioni alimtungia baleti ya msichana aliyegeuzwa kipepeo, ambaye huvutwa na mwali wa mwenge hadi mabawa yake yakaungua.

Novemba 15, 1862, katika mazoezi ya mwisho ya onyesho jingine, sketi ya Livry iliufikia mwali wa gesi. Alikimbia jukwaani huku akiwaka, hadi mzima moto mmoja alipomkamata na kumfunika kwa blanketi. Aliishi katika maumivu muda wa miezi minane, akafa Julai 26, 1863, akiwa na miaka 20. Mabaki ya nguo aliyovaa siku hiyo yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera mjini Paris.

Ni rahisi kusema kwamba binti huyo alijitakia. Sisi hatusemi hivyo. Nani kati yetu hajamwona askari mzuri, tena mwenye akili timamu, akiivua kofia ya chuma kwa sababu ya joto, au akiiacha fulana ya kuzuia risasi ndani ya gari kwa sababu inamchelewesha? Aliyeitengeneza dawa ile alifikiria moto, hakumfikiria mchezaji. Alimpa Livry achague kati ya usalama wake na kazi yake, na mtu anayeipenda kazi yake, akiwekwa mbele ya uchaguzi huo, mara nyingi huchagua vibaya.

Sketi iliendelea kupanda. Wachezaji wa Italia, waliokuja Urusi kuanzia miaka ya 1880, walikuwa na viatu vyenye ncha iliyoimarishwa na miguu yenye nguvu za ajabu. Virginia Zucchi, aliyefika St Petersburg mwaka 1885, alidai sketi fupi kuliko zilizozoeleka huko, na akaipata. Mwenzake Pierina Legnani aliweza kuzunguka mara 32 mfululizo juu ya ncha ya mguu mmoja bila kuhama, jambo ambalo haliwezekani, wala halionekani, ndani ya sketi ya magotini. Hivyo ndivyo sahani ile tuijuayo ilivyotandazwa kiunoni.

Wanaume nao hawakusalimika. Mwezi Januari 1911, katika ukumbi wa kifalme wa St Petersburg, Vaslav Nijinsky, mrukaji ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya, alitokea akiwa amevaa taiti bila ile kaptura fupi iliyotakiwa kuvaliwa juu yake. Mama yake mfalme wa Urusi alikuwa miongoni mwa watazamaji. Nijinsky akafukuzwa kazi. Hakurudi tena kucheza katika ukumbi huo. Ulaya Magharibi ikampokea pamoja na taiti zake. Wasimamizi wa nidhamu watatuwia radhi tukisema kwamba, kwa kosa la sare, adhabu hiyo ilimgharimu zaidi aliyeitoa.

MASANDUKU YALIYOACHWA UHOLANZI

Tufikie sasa miaka ya vita, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Mwanzoni mwa Mei 1940 kundi la baleti la Sadler's Wells la Uingereza, likiongozwa na Ninette de Valois, lilikuwa ziarani Uholanzi. Mei 9 lilicheza katika mji wa Arnhem, karibu na mpaka wa Ujerumani. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo binti wa miaka 11 aliyekuwa akijifunza baleti, jina lake Audrey Hepburn. Kabla ya mapambazuko majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka, na askari wa miavuli wakaanza kushuka. Wachezaji, waliokuwa wamekwisha rudi The Hague, walitoka nchini kwa meli ya mizigo, kila mtu na kile alichoweza kubeba. Mapambo ya jukwaa, mavazi na karatasi za muziki za baleti sita zikabaki nyuma. Moja kati ya hizo, iliyotungwa mwaka 1938 kwa jina la Horoscope, ilipoteza nakala kamili ya muziki wake na haijachezwa tena.

Wanajeshi wanajua maana ya kurudi nyuma na kuiacha stoo. Mwezi Juni mwaka uliofuata, 1941, Uingereza iliweka mgawo wa nguo: kila raia alipewa kuponi 66 kwa mwaka mzima, na idadi hiyo ikazidi kupungua. Mgawo haukuondolewa hadi mwaka 1949. Vijana wa kiume wa kundi waliitwa jeshini mmoja baada ya mwingine. Jumba kubwa la opera la Covent Garden, London, liligeuzwa ukumbi wa dansi za kawaida, ambamo askari wa likizo walicheza na wasichana wa mjini.

Vita vilipokwisha, iliamuliwa kwamba jumba hilo lifunguliwe tena kwa baleti, tena baleti yenye mavazi mengi kuliko zote, ile ya binti mfalme aliyelala miaka 100. Kazi ya kubuni mavazi akapewa Oliver Messel. Wasomaji wetu watafurahi kusikia kwamba Messel alikuwa ametoka jeshini. Wakati wa vita alikuwa afisa wa kuficha ngome, na kazi yake ilikuwa kuvifanya vibanda vya saruji vya bunduki visitambuliwe na adui. Vingine alivifanya vionekane kama rundo la nyasi, vingine kama magofu. Mtu aliyeweza kuligeuza zege kuwa nyasi hakushindwa kuugeuza uhaba kuwa kasri. Vitambaa havikuwapo vya kutosha, mafundi wakashona walichokipata, na Messel alikuwa mashuhuri kwa kutengeneza taji na vito kwa vitu vya ovyo kama vijiti vya kusafishia kiko. Februari 20, 1946 pazia lilifunguliwa mbele ya mfalme George wa 6 na jamaa yake. Nchi iliyokuwa bado ikila kwa mgawo iliona dhahabu na manyoya jukwaani, na Margot Fonteyn akiwa binti mfalme. Mwaka 1949 mavazi hayo yalivuka bahari hadi New York, na kundi likarudi na sifa ambazo hazijakoma. Mwaka 2006 baleti hiyo ilirudishwa jukwaani kwa kuufuata ubunifu ule ule wa Messel.

Na yule binti wa Arnhem? Alibaki katika nchi iliyotekwa. Alicheza katika maonyesho ya siri, madirisha yamefunikwa, watazamaji wasithubutu kupiga makofi, fedha zikachangwa kwa ajili ya waliokuwa wakimpinga adui. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 aliona njaa iliyoua watu wengi Uholanzi. Baada ya vita alikwenda London kujifunza kwa Marie Rambert, lakini akaambiwa wazi kwamba hatakuwa mchezaji wa daraja la kwanza. Ndipo akaingia katika filamu, na huko akaingia na mavazi ya mazoezi: suruali nyeusi ya kubana, blauzi isiyo na mapambo, na viatu bapa vya baleti. Katika filamu yake ya mwaka 1957 iliyopigwa Paris alicheza akiwa amevaa hivyo hivyo, na wasichana wa nchi nyingi wakamwiga bila kujua kwamba wanaiga nguo za kazi.

NGOZI ILIKWENDA KWENYE BUTI

Viatu hivyo bapa vina kisa chao, nacho chatuhusu moja kwa moja. Mwezi Februari 1943 serikali ya Marekani ilitangaza mgawo wa viatu, jozi tatu kwa mtu kwa mwaka, kwa sababu ngozi ilihitajika kwa ajili ya buti za askari. Viatu vyepesi vya baleti havikuhesabiwa katika mgawo huo. Mbunifu wa mavazi Claire McCardell aliiona nafasi. Alikwenda kwa Capezio, watengenezaji wa viatu vya dansi ambao mwanzilishi wao, fundi viatu kutoka Italia, alikuwa amefungua kiduka chake New York mwaka 1887 karibu na jumba la opera. Akawaomba watie soli ngumu kidogo chini ya kiatu cha baleti ili kiweze kutembea barabarani. Wanawake wakavinunua kwa kukosa vingine. Vita vilipokwisha, ngozi ikarudi, na viatu hivyo havikuondoka.

Paris nako, mwaka 1947, Rose Repetto alianza kushona viatu vya dansi katika chumba kidogo karibu na Opera, kwa ajili ya mwanawe, mtunzi wa baleti Roland Petit. Vilishonwa ndani nje kisha vikageuzwa, ndiyo maana vikawa laini kama soksi. Mwaka 1956 mwigizaji Brigitte Bardot, ambaye naye alikuwa amesomea baleti, aliomba atengenezewe jozi ya kutembelea mjini. Katika miaka hiyo hiyo sketi pana za Christian Dior, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Februari 1947, zilikuwa zimeujaza mtaa kwa viuno vyembamba na mapindo mengi, mfano wa Taglioni anayekwenda sokoni. Zamani jukwaa liliiga mavazi ya mabwana; sasa mabibi walikuwa wakiiga jukwaa.

Kiatu cha kusimamia ncha ni kitu kingine kabisa, na tungependa kila mwenye kulalamikia buti mpya akijue. Ncha yake hutengenezwa kwa tabaka za karatasi, gunia na gundi, kisha hukaushwa. Chuma hakimo wala mbao haimo. Katika karakana ya Freed mjini London, iliyoanzishwa mwaka 1929, kila fundi hupiga alama yake chini ya soli, kengele au samaki au taji, na mchezaji humjua fundi wake kwa alama hiyo hata kama hajawahi kumwona. Kiatu kikifika, mchezaji hukipiga nyundo, hukibana mlangoni, hukikunja, kisha hushona utepe kwa mkono wake mwenyewe. Nyota aweza kuimaliza jozi nzima katika onyesho moja. Sisi tulipokuwa makadeti tulipewa buti zilizotutoa malengelenge kwa majuma matatu, tukafundishwa na wakongwe kuziloweka na kuzikausha tukiwa tumezivaa. Tulidhani hakuna duniani waliopata mateso hayo ila sisi.

FUNDI WA KHARKIV

Kati ya watu wote waliolibadili vazi hili, hatuoni wa kumlinganisha na Barbara Karinska. Alizaliwa Kharkiv mwaka 1886, akahama Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1920, akashona Paris, kisha London, kisha New York. Filamu ya Joan of Arc ya mwaka 1948 ilimpatia yeye na mwenzake tuzo ya Oscar ya mavazi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa pamoja na George Balanchine, mtunzi wa baleti aliyekuwa amehama kama yeye, na ambaye alisema wazi kuwa nusu ya mafanikio ya baleti alizozivisha Karinska ni ya fundi huyo.

Tutu ya zamani ilishikiliwa na pete ya waya. Mchezaji mmoja akiigusa upande huu, upande wa pili huinuka. Sasa Balanchine alikuwa na baleti ambayo mwisho wake huwaleta jukwaani wachezaji zaidi ya 50 kwa pamoja. Tutu za waya zingegongana kama ngao. Mwaka 1950 Karinska aliuondoa waya, akapunguza tabaka zikawa sita au saba, akazikata kwa urefu uliotofautiana kidogo na kuzishika kwa mishono iliyolegea, hata sketi ikajitegemea yenyewe na kulala laini kama manyoya. Sehemu ya kifuani aliikata kwa vipande vingi vya mshazari, ili ivutike mbavu zinapopumua. Fundi cherehani yeyote wa kikosi ataelewa ukuu wa jambo hilo. Wachezaji waliovaa nguo zake walisema jambo moja tu, kwamba waliweza kupumua.

NGUO ZA MAZOEZI

Na hapo hapo, Karinska akiwa katika kilele cha ufundi wake, Balanchine alianza kuvua. Mwaka 1946 alikuwa ametunga baleti ambayo mavazi yake, yaliyobuniwa na mchoraji mashuhuri, yaliwafunika wachezaji kwa kanga na vilemba vya ajabu kiasi kwamba dansi haikuonekana. Mwaka 1951 aliyaondoa yote. Wachezaji wakatokea na nguo walizovaa asubuhi kwenye mazoezi: leotadi nyeusi, yaani lile vazi la kubana kiwiliwili lililopewa jina la Jules Léotard, mwanasarakasi wa Kifaransa aliyeruka kwa bembea hewani mjini Paris mwaka 1859, taiti, basi. Kundi halikuwa na fedha nyingi, na hilo lilisaidia. Lakini sababu kubwa ilikuwa kwamba sasa hapakuwa na pa kuficha kosa.

Wala hapakuwa na pa kuficha rangi. Mwezi Septemba 1957 rais Eisenhower alituma askari wa miavuli wa divisheni ya 101 katika mji wa Little Rock, ili wanafunzi tisa weusi waweze kuingia shule moja na weupe. Wiki chache baadaye, Desemba 1, katika jukwaa la New York, Balanchine alionyesha baleti mpya iitwayo Agon. Katikati yake mwanamume mweusi, Arthur Mitchell, na mwanamke mweupe, Diana Adams, walicheza wawili peke yao, mikono na miguu yao ikipindana, wamevaa nguo za mazoezi nyeusi na nyeupe. Hapakuwa na taji wala sketi ya kusema huyu ni mfalme na huyu ni mtumwa.

Mitchell alikuwa amejiunga na kundi hilo mwaka 1955. Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, alianzisha kundi lake katika mtaa wa Harlem. Na huko akakutana na jambo ambalo karne tatu za mabishano hazikuligusa. Taiti na viatu vya baleti ni vya waridi. Waridi hilo lilichaguliwa likaribie ngozi ya Mzungu, ili mguu uonekane mstari mmoja toka nyonga hadi ncha ya kidole. Mchezaji mweusi akivaa taiti hizo, mwili wake hukatwa vipande viwili: mikono na uso ni vya mtu mmoja, miguu ni ya mwingine. Ni sare ambayo haikushonwa kwa kumfikiria. Toka mwaka 1974 wachezaji wa Harlem walivaa taiti na viatu vilivyotiwa rangi ya ngozi zao, kila mtu ya kwake.

Kutia rangi hiyo ilikuwa kazi yao wenyewe. Kwa miaka mingi mchezaji mweusi, Marekani au Ulaya, alinunua viatu vya waridi kama wenzake, kisha akaketi na chupa ya kipodozi cha uso na sponji, akivipaka hadi vifanane na ngozi yake, jozi baada ya jozi, fedha na saa zake. Arthur Mitchell alifariki Septemba 2018. Mwishoni mwa mwaka huo huo karakana ya Freed, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black la London, ilianza kuuza viatu vya ncha vya rangi mbili mpya, moja ya shaba na nyingine ya kahawia, vimekwisha kupakwa toka kwa fundi.